Mtwara Sitoi

Shamimu alipata F ya jiografia kwenye mtihani wa utimilifu, ule wa kujipima kabla ya wa taifa, na habari ikafika shamba kwa baba yake kabla haijanifikia mimi ninayelala naye nyumba moja. Watu wa mji huu wana midomo. Mimi nilikuwa uani, hapa Magomeni ya Mtwara, nachambua kisamvu. Mtoto akapita na begi lake bila salamu, akaenda kujifungia chumbani. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Shamimu atasahau vyote lakini si shikamoo.

Nikamfuata. "Mke mwenzangu," nikamwita, maana ndivyo ninavyomwita mjukuu wangu huyu, "nani amekufa?"

"Jiografia, Bibi."

"Imekufa, au imekuua wewe?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. Nikamwambia anisomee swali moja tu kati ya yaliyomshinda. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza nakisikia kikipita kama basi la Dar, silipungii mkono. Kwa hiyo akanigeuzia kwa Kiswahili. Walikuwa wameambiwa waeleze jinsi mto unavyobadilika kuanzia chanzo chake mpaka unapoingia baharini, na kila mtu atoe mfano wa mto anaoujua.

"Ukaandika mto gani?"

"Rini."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mto wa Ulaya, Bibi. Umo kitabuni."

"Umewahi kuuona?"

"Nitauona wapi mimi?"

Nikamtazama. Mtoto huyu amezaliwa kando ya Ruvuma. Nyumba ya baba yake iko mahali ambapo maji yakifurika masika kuku wanahamia darini. Ameoga mle, akakatazwa kwa sababu ya mamba, akaoga tena, akachapwa, akaoga. Nikamwuliza kwa nini hakuandika Ruvuma. Akaniangalia kama nimemwuliza kwa nini hakuandika habari za sufuria.

"Nilidhani wanataka mto wa kwenye mtihani," akasema.

Mwalimu wake wa jiografia, Mwalimu Faraja, alikuwa amemwandikia kwa kalamu nyekundu maneno mawili: acha kukariri. Sina ugomvi na mwalimu huyo. Alisema kweli. Ila kumwambia mtu aache kukariri ni kama kumwambia aache kukohoa. Ataachaje kama hakupewa dawa?

Jioni ile ile simu ikalia. Alikuwa Ayubu, mwanangu, baba yake Shamimu.

"Mama, shikamoo. Matokeo nimeyasikia."

"Marahaba. Mimi ndio kwanza nayasikia, na ninaishi naye."

"Basi tusizungushane. Korosho zikianza kudondoka nakuja kumchukua. Mama yake kajifungua juzi, hawezi kuinama. Mimi peke yangu siwezi shamba lote lile. Mtoto mwenyewe kafeli. Tunangoja nini?"

"Tunangoja Novemba, mtihani wa taifa."

"Mama, mtu aliyefeli kujaribu atafaulu kufanya?"

Akakata simu. Nikaona pale pale kwamba yaliyo mbele yetu si mchezo. Huku kwetu mtihani wa kidato cha nne na korosho vinakuja mwezi mmoja, kila mwaka, kama wageni wawili wanaogombea kitanda kimoja. Na mara nyingi anayeambiwa alale chini ni mtihani.

Nikamwambia Shamimu: "Huendi."

"Baba amesema."

"Nimemsikia. Baba yako nimemzaa mimi, najua nilikomtoa. Wewe lete vitabu."

Sasa, mimi ningemfundisha nini? Mistari ya latitudo siijui. Mchezo ninaoujua mimi ni mmoja tu, nao ni vitendawili. Kwenye vitendawili, wanaojua wanajua, ukishindwa kujibu hupewi jibu bure. Unaambiwa nipe mji. Unatoa mji, wenzako wanaupokea, aliyetega anatamba kwamba amekwenda huko, kala pilau, kalala kitanda cha samadari, halafu ndipo anasema jibu. Na mji ukiwa mbovu anaukataa: siutaki huo, nipe mwingine.

Mimi nikaigeuza sheria kidogo. Nikasema nyumba hii mji hautolewi kwa jina peke yake. Ukitoa mji, unautoa wote. Useme uko wapi kwenye ramani, umekaa juu au chini, mvua yake inanyesha lini, watu wanalima nini na kwa nini hicho na si kingine. Ukikosea, mji unarudi kwako, na jibu hulipati.

Na mtegaji uwe wewe, nikamwambia. Kila neno la kitabu linalokutia homa, nenda ukalitengenezee kitendawili uje unitege mimi. Maana huwezi kutega kitu usichokijua kinakaa wapi na kinakula nini.

Siku mbili hakuja na kitu. Siku ya tatu mchana akaja mbio kutoka chumbani, kalamu iko sikioni.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mistari mingi. Ikikaribiana inakutoa jasho, ikiachana inakupumzisha."

Nikasema mistari ya kitenge. Hapana. Nikasema foleni ya kisimani. Hapana. Nikatoa mji, Mikindani, nikauelezea ninavyoujua, ghuba yake na majumba yake ya zamani, akaupokea kwa maringo, akala samaki wote wa Mikindani. Kisha akanifunulia ramani. Ni kontua, akasema, mistari ya kuonyesha mwinuko. Mahali inapobanana ndipo mlima ulipo mkali, unapanda unatweta. Inapoachana ni tambarare. Akakiweka kidole changu juu ya karatasi, akakipandisha uwanda wa Makonde kutoka bondeni hadi Newala. Wallahi kidole kilichoka.

Jirani yangu akapaza sauti juu ya ukuta: "Bibi Saumu! Vitendawili mchana! Mtaota mikia!"

"Ikiota tutafagilia uwanja," nikamjibu. "Wewe uje na wako tuulinganishe."

Kweli tulikatazwa tangu utoto kutega mchana. Lakini umeme wenyewe unakuja na kuondoka, na usiku mtoto anatakiwa alale, akili ipumzike. Kwa hiyo tulitega mchana mbele ya watu, na hakuna aliyeota kitu.

Akaja na rafiki yake wa darasa moja, Irene, binti wa mtaa wa Likombe. Walikuwa wakishamaliza kunitega mimi kwa Kiswahili, wanaingia ndani kuyaandika yale yale kwa Kiingereza. Nasikia wanabishana, huyu anasema neno hili, huyu anasema lile, wanafungua kamusi iliyochanika jalada. Mikoko ikawa watu wanaosimama majini kutwa na hawapati mafua. Matumbawe yakawa ukuta uliojengwa na mafundi wasio na mikono. Na Ruvuma tuliufanya wiki nzima, kutoka vilima vya Matogoro kule Songea mpaka mikokoni, unapolala, unapopinda, unapotupa mchanga wake kwa sababu umechoka kuubeba. Shamimu alinieleza kwa nini mahali fulani karibu na baharini mto unaingia na kutoka. Nimeishi na maji yale miaka yote nikijua tu kwamba saa nyingine ni ya chumvi. Kumbe bahari inakuja kutembea kwa mto, halafu inarudi kwao.

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia.

"Kwa Kiingereza haisemwi hivyo, Bibi."

"Basi andika wanavyosema wao, lakini ujue ndicho hicho."

Oktoba ikafika, korosho zikaanza kudondoka, na Ayubu akaja.

Alikuja Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, na pikipiki ya kuazima, shati limeloa mgongoni. Nikampa maji, nikampa chai na muhogo wa kuchemsha. Mwanangu si mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Ni mtu aliyechoka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la njiani, na mikononi ule utomvu wa korosho ulikuwa umemchuna ngozi. Akala. Alipomaliza akasema, bila kumtazama binti yake:

"Mama, fungasha nguo. Twende kabla jua halijalala."

"Mama" alikuwa anamwita Shamimu. Huwa anamwita hivyo.

Shamimu alisimama mlangoni, Irene nyuma yake. "Baba, mtihani unaanza wiki mbili hizi."

"Mtihani gani? Ule uliofeli mto wakati mto unapita nyuma ya choo chetu?"

Irene akaangua kicheko kisha akajifunika mdomo. Hata mimi nilitaka kucheka, nikajizuia.

"Nilikuwa sijui, Baba. Sasa najua."

"Unajua nini? Nasikia mnashinda mnacheza vitendawili mchana na bibi yako. Mji mzima unasema. Ndiyo masomo hayo?"

"Ndiyo masomo hayo," nikadakia mimi. "Hebu mtege. Ulikuwa bingwa wewe, ulikuwa unawaliza dada zako."

Nilimwona anatabasamu upande mmoja wa mdomo. Ayubu hajawahi kukataa kutega, tangu ana meno ya utoto. Akajifuta mikono.

"Sawa. Akinishinda, abaki. Nikimshinda mimi, anapanda pikipiki na hakuna wa kulia. Tumekubaliana?"

Nikasita. Shamimu kwenye vitendawili vya kawaida ni mzito, hiyo ndiyo kweli. Lakini yeye mwenyewe akasema, "Tumekubaliana. Ila nikitoa mji nautoa kwa sheria ya nyumba hii." Ayubu akasema toa unavyotaka, mji ni mji. Akaketi vizuri kwenye mkeka.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mzee wangu anakohoa moshi wa njano, na miti inapona."

Shamimu akafikiri. Akasema jenereta. Akasema lori la mchanga. Mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikaling'ata.

"Nipe mji," akasema baba yake.

"Nakupa Songea." Na akautoa. Akasema umekaa nyanda za juu, kwa hiyo baridi yake si mchezo mwezi wa saba. Mvua inanyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, ndiyo maana mahindi yanastawi na maghala yanajaa. Mashariki yake kuna vilima vya Matogoro, na ndiko mto wetu unakozaliwa, ukiwa mwembamba mtoto anauruka. Akasema unapotoka huko una mwendo mkali, unakata mawe, bado haujajua uvivu.

Ayubu alikuwa ameacha kutafuna. "Songea umekwenda lini wewe?"

"Sijaenda, Baba."

"Haya. Jibu ni mashine ya salfa. Mashine ya kupulizia mikorosho! Hujui hata dawa ya baba yako."

Hilo lilimchoma. Lakini hakuangalia chini.

"Kitendawili," akasema Ayubu, sauti imepungua ukali.

"Tega."

"Nimemkatakata vipande, nikamzika, na wote wamefufuka."

Huu ulikuwa mti wa muhogo, vile vipando vyake. Hata kuku wa hapa anajua. Shamimu akasema mnyoo. Mnyoo! Irene akajipiga paji la uso.

"Nipe mji."

"Nakupa Newala." Akautoa Newala nao. Akasema uko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ukisimama pale unaona bonde lote la Ruvuma chini yako. Akasema mvua inanyesha lakini udongo ni wa kichanga, maji yanazama chini kabisa, ndiyo sababu akina mama wa kule tangu zamani wanateremka kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Na ndiyo sababu mikorosho inakubali, kwa kuwa mizizi yake inakwenda kuyafuata maji chini huko na haiogopi kiangazi. "Shamba lako, Baba, ni mchanga ule ule. Ungelima mpunga juu pale ungekula hewa."

"Nani kakwambia habari za mizizi?"

"Kitabu kimesema mizizi. Mchanga nimeuona mwenyewe."

Kisha Ayubu akafanya jambo ambalo sikulipenda. Akamkazia macho binti yake akatega hivi:

"Nimempanda. Nimempalilia. Nimempulizia dawa. Wakati wa kuvuna hayupo."

Hakuna aliyecheka. Shamimu alijua, mimi nilijua, Irene naye alijua. Nilitaka kusema neno, lakini ulikuwa mchezo wao.

"Umeshindwa?" akauliza Ayubu.

"Sijashindwa. Jibu nalijua."

"Litaje."

"Silitaji kwa sababu si kweli. Huyo unayemsema yupo. Yupo hapa mbele yako. Mavuno yake ndiyo hayajafika."

"Hujalitaja, umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Lindi."

"Siutaki Lindi."

"Nakupa Tanga."

"Siutaki. Nipe Mtwara."

Nilihisi mgongo wangu unanyooka wenyewe.

"Mtwara sitoi."

"Nimeukataa Lindi, nimeukataa Tanga. Nina haki."

"Una haki ya kukataa, Baba. Huna haki ya kunichagulia. Chukua Dodoma, chukua Mwanza, chukua Tabora na njia yake ya reli, nitakuelezea yote mpaka magharibi. Mtwara ndiko kilipo chumba changu cha mtihani. Nikikupa Mtwara nitakaa wapi?"

"Unanikatalia mimi?"

"Nakukatalia mji, Baba. Wewe sikukatai."

Pikipiki ile ilikuwa pale kwenye kivuli cha ukuta, na begi la nguo hakuna aliyelifungasha. Ayubu akasimama. Ni mrefu mwanangu, akisimama uani kwangu anapunguza jua. Shamimu naye akasimama. Alisimama katikati ya mlango na hakusogea.

"Mama," Ayubu akanigeukia, na sauti yake haikuwa tena ya bingwa wa vitendawili. "Nimeshinda mara tatu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Umeshinda vitendawili vyote."

"Basi."

"Basi nini? Umemsikia? Juzi alikuwa haujui mto aliooga. Leo kakupandisha Songea na kakuteremsha Newala, na huko kote hajakanyaga. Wewe umemsikia kwa masikio yako, na kinywa kilikuwa wazi, nilikiona. Ukimchukua leo hutaweza kusema hukujua."

Akakaa tena. Akashika kichwa kwa mikono yake ile iliyochunika. "Nani ataokota, Mama? Niambie. Zikilala chini na mvua za kwanza zikija, zinaota. Nitakula vitendawili?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na kwa swali la haki huwezi kumpa mtu maneno. Nikaingia ndani. Nikachukua kanga mbili, na kandambili, na dawa yangu ya mgongo. Nikatoka.

"Nipakie mimi."

"Mama!"

"Nini? Nimeokota korosho kabla hujajua kutambaa. Nitainama taratibu, lakini nitainama. Irene, mwambie mama yako ulete godoro lako hapa, mkae wawili mpaka karatasi ya mwisho. Jirani!" nikapaza sauti juu ya ukuta. "Watoto wangu nakuachia. Wakitega mchana usiwatishe."

"Bibi, mgongo wako," Shamimu akasema, na sasa ndipo akalia.

"Mgongo ni wangu. Hauna mtihani. Nenda kasome."

Ayubu alinitazama mpaka nikachoka kutazamwa. Kisha akaipangusa siti ya pikipiki kwa mkono wa shati. Nikapanda, nikamshika kiunoni, na mtaa mzima wa Magomeni ukatoka kutazama kizee akiondoka kama bibi harusi. Nikawapungia mkono.

Shamba halina huruma, sitawadanganya. Siku za kwanza nilitembea nimekunjika kama mkono wa kikapu. Asubuhi tulikuwa tunapita chini ya mikorosho, tunaokota, tunatenga korosho na bibo, lile tunda lake, tunajaza ndoo. Mkwe wangu, mama Shamimu, alikuwa anakaa kivulini na mtoto mchanga akichambua zile tulizoleta. Siku moja alinishika mkono akautazama utomvu ulivyouunguza, akaupaka mafuta ya nazi.

Siku ya karatasi ya jiografia niliijua, kwa sababu Shamimu alikuwa amenitajia. Sikumkumbusha mtu. Tuliokota kama siku zote. Jua lilipofika juu ya mti wa mpakani Ayubu akaweka ndoo chini.

"Mama, saa hizi wameshaingia?"

"Wameshaingia."

Akaokota mbili tatu. "Karatasi yao ndefu?"

"Saa tatu nzima."

Wakati huo akapita Hassani, mwenye shamba la jirani, mtu wa maneno, nyuma yake binti zake na vikapu.

"Bibi Saumu! Mjukuu kakushinda kumtuma, mpaka uje mwenyewe na uzee huo?"

Nikanyooka. Ilichukua muda, lakini nilinyooka wote.

"Hajanishinda. Nimemkataza mimi. Yuko kwenye chumba cha mtihani, anaandika. Huyo wako mkubwa yuko kidato cha ngapi?"

Hassani akageuka nyuma, kama mtu anayetaka kuhakikisha ni yupi. "Cha tatu. Lakini hesabu inamsumbua, nafikiri mwakani..."

"Mwakani mlete Magomeni. Godoro lipo."

"Nani kasema nimlete?"

"Mimi nimesema," akajibu Ayubu, hakuinua kichwa, mikono yake inaendelea kuokota. "Wewe mlete."